Kilwa Jazz: Zilipendwa ambazo hujazisikia

KAMA kwenu ni Kivinje, Masoko au Lindi mjini na unadhani jina la Kilwa limebebwa na magofu tu, leo kaa kitako. Kuna wazee walilibeba jina hilo kwa magitaa na saksafoni, na mji ukaserebuka!

Wenyewe waliitwa Kilwa Jazz. Ajabu ni kwamba bendi hii haikuzaliwa Kilwa. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1958, na kiongozi wake alikuwa Ahmed Kipande. Enzi hizo waliohamia jijini walipenda kukusanyika na wenzao wa kwao. Wa magharibi walikuwa na Western Jazz yao, watu wa kusini nao wakawa na Kilwa Jazz yao. Dar es Salaam Jazz ndiyo iliyokuwa kongwe, tangu mwaka 1932. Ukiwa shabiki wa huku, kule huendi ng'o!

Neno 'jazz' lisikubabaishe. Usitegemee mambo ya Louis Armstrong. Kwa wazee wetu 'jazz' ilikuwa bendi ya dansi basi: rumba na chacha zilizoingia kwa santuri za Cuba na za Kongo, zikatiwa Kiswahili na chumvi ya pwani.

Sasa uhondo wenyewe. Vijana wengi wakisikia zilipendwa wanajua nyimbo tatu nne zile zile za redioni, halafu wanasema muziki wa zamani wameumaliza. Thubutu! Wimbo mpya si lazima uwe umerekodiwa jana. Kama masikio yako hayajawahi kukutana nao, kwako ni mpya.

Anza na kibao chao 'Lau Nafasi', kiko kwenye simu yako hiyo hiyo. Mara ya kwanza fuata waimbaji. Mara ya pili waache, fuata gitaa. Mara ya tatu hutahitaji maelekezo, mguu utajua wenyewe.

Ukishanogewa, zitafute santuri za wenzao wa rika moja. Mwaka 1995 ilitoka CD iitwayo 'Dada Kidawa', yenye vibao vya Tanzania vya miaka ya 1960. Mwaka 2007 Buda Musique ya Ufaransa ikatoa 'Zanzibara' namba 3, nayo ni ya miaka hiyo hiyo. Tazama mambo hayo: muziki wa babu yako unatunzwa Paris, wewe wa Kilwa huna hata wimbo mmoja!

Hapo ndipo penye uchungu. Santuri zinavunjika, kanda zinaota ukungu, na wazee waliokuwa ukumbini wanatutoka mmoja mmoja. Wakiondoka wote, nani atatuambia sauti ile ni ya nani na gitaa lile alilipiga nani?

Kwa hiyo ukienda kwenu siku kuu, usimpelekee babu sukari peke yake. Mpigie Kilwa Jazz, halafu nyamaza. Akianza kutaja majina, yaandike.

Na mtu akikuambia tena Kilwa ni magofu, usibishane naye. Mwekee kibao kimoja. Asipotikisika, basi gofu ni yeye!