Namibia: Vijia vya kale vyatia shaka mpaka wa nyakati

Kusini mwa Namibia, katika miamba iliyokuwa tope la bahari ya kina kifupi, vimehifadhiwa vijia vya viumbe wasio na uti wa mgongo. Miili yao laini ilioza. Mapito waliyochimba yakageuka mawe.

Mwaka 1992 wanajiolojia waliuweka mwanzo wa Kambria, unaokadiriwa sasa kuwa miaka milioni 539 iliyopita, pale aina ya kijia iitwayo Treptichnus pedum inapoanza kuonekana Fortune Head, Kanada. Kiumbe mfano wa mnyoo akakabidhiwa kazi ya kugawa nyakati!

Lakini mwaka 2000 vijia vya jinsi hiyo vilielezwa kutoka Namibia, katika matabaka yaliyotangulia mpaka huo. Mwaka uliofuata, vikaripotiwa Fortune Head kwenyewe, mita 4 chini ya alama. Mpaka haujahamishwa.