Joho Moja, Mashujaa Wengi

Baadhi ya picha za angani za nchi ya kubuni ya Wakanda, katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, zilipigwa katika milima yetu ya Rwenzori. Kwa hiyo wanafunzi wa Kasese na Bwera wana haki ya kuuliza: Black Panther ni nani hasa?

Black Panther ni cheo. Wasomaji wa Mahango wanalielewa jambo hili. Isaya Mukirane alipofariki mwaka 1966, cheo cha Omusinga wa Rwenzururu kilimwendea mwanawe, Charles Mumbere, angali mdogo. Cheo kilikuwa kilekile, mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1966, T'Challa alitokea katika vitabu vya katuni, mrithi wa baba yake T'Chaka. Mwaka 2009 mwandishi Reginald Hudlin alimvika joho hilo Shuri, dada yake T'Challa.

Kazi hii ina mtego. Mrithi akifanana mno na mtangulizi wake, msomaji huuliza kwa nini amebadilishiwa shujaa. Akitofautiana mno, husema, "Huyu siye." Waandishi hodari hufanya mambo matatu.

Kwanza, hutenganisha cheo na mtu. Vazi na wajibu hubaki, tabia hubadilika. T'Challa ni mtulivu, Shuri ana pupa.

Pili, humpima mrithi. Shuri alikataliwa kwanza na mungu wa Chui kwa sababu ya kiburi. Alikubaliwa baada ya kuhatarisha maisha yake akiwatetea watu wake. Msomaji naye humkubali hapohapo.

Tatu, hawamdharau mtangulizi. Jay Garrick alikuwa Flash mwaka 1940, Barry Allen mwaka 1956. Mwaka 1961 Gardner Fox aliwakutanisha, kila mmoja akiwa na ulimwengu wake. Barry alipokufa hadithini mwaka 1985, msaidizi wake Wally West alivaa vazi lile, huku akiogopa kwamba hatamfikia mwalimu wake. Msomaji aliyemlilia Barry akapata mwenzake wa kuomboleza naye.

Cheo ni dhamana. Mwanafunzi, andika ukurasa mmoja ambamo shujaa anamkabidhi mwingine joho. Kisha pigia mstari yale ya cheo, na uzungushie duara yale ya mtu. Ukikosa duara hata moja, bado hujaumba mhusika.