Kifua kikuu hakikai kikombeni

Je, ukisafiri kwa matatu kutoka Voi hadi Taveta kando ya mtu anayekohoa, utapata kifua kikuu? Swali hili naulizwa mara kwa mara, na jibu lake lahitaji maelezo kidogo.

Voi ni njia panda. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa hupita hapa, ile ya Mwatate na Taveta huanzia hapa, na tangu mwaka wa 2017 abiria wa treni ya kisasa hushukia hapa. Watu wanapokutana kwa wingi, viini vya magonjwa navyo hupata usafiri.

Kiini cha kifua kikuu, ambacho daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kukigundua mwaka wa 1882, husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuimba, hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Katika chumba kilichofungwa, vitone hivyo huweza kuelea kwa saa kadhaa. Nje, upepo huvitawanya na jua huua viini.

Namkumbuka mchimbaji mmoja wa vito aliyekohoa miezi mitatu kabla ya kuja kwangu. Nyumbani alikuwa ametengewa kikombe, sahani na kijiko. Lakini usiku alilala chumba kimoja na wanawe watatu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi ya milimani. Kikombe hakikuwa na hatia. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo wala kwa kusalimiana kwa mkono. Watoto walipopimwa, mmoja alikuwa ameanza kuugua.

Kwa nini mmoja tu? Kwa sababu mwili una walinzi. Pua na koo hunasa vumbi na viini vingi. Vinavyopenya hadi ndani ya mapafu humezwa na chembechembe nyeupe za damu. Ajabu ni kuwa kiini hiki huweza kuishi ndani ya chembe iliyokimeza. Hapo mwili huita askari wengine, na baada ya majuma machache huvizingira viini kwa ukuta. Kati ya watu kumi walioambukizwa, kama tisa hukaa na viini hivyo vikiwa vimefungwa, bila kuugua wala kumwambukiza mtu.

Lakini ukuta huo huweza kubomoka. Ukimwi, kisukari, lishe duni, pombe na sigara huudhoofisha. Kwa wachimbaji, vumbi la mawe hudhuru zile chembe zinazolinda mapafu. Watoto wachanga nao bado hawana nguvu ya kuujenga vizuri. Ndiyo maana hudungwa chanjo ya BCG wanapozaliwa, ambayo huwakinga hasa dhidi ya kifua kikuu cha ubongo.

Turudi kwenye matatu. Katika safari moja fupi hatari ni ndogo, na ukifungua dirisha hupungua zaidi. Hatari kubwa ni kuvuta hewa moja na mgonjwa asiyetibiwa, siku baada ya siku.

Kwa hivyo, ukikohoa kwa majuma mawili, ukitokwa na jasho usiku au ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe makohozi. Katika hospitali za serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Utapata nafuu mapema, lakini usiziache: viini vinavyosalia huweza kuwa sugu, na tiba yake ni ngumu zaidi. Watu wa nyumbani mwako nao wapimwe, hasa watoto.

Yule mchimbaji na mwanawe walimaliza dawa na wakapona. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuyaficha hadi mwisho. Nawe, msomaji, fungua dirisha leo usiku.