Nani Alisaini kwa Niaba ya Ardhi ya Wet'suwet'en?

Februari 2020, Wakanada wengi walilifahamu bomba la gesi la Coastal GasLink kupitia treni zilizosimama. Tarehe 6 ya mwezi huo polisi wa shirikisho, RCMP, walianza kuingia katika ardhi ya watu wa asili wa Wet'suwet'en, kaskazini mwa jimbo la British Columbia, kutekeleza amri ya mahakama iliyotaka kampuni ipishwe ifanye kazi. Siku hiyohiyo Wamohawk wa Tyendinaga, upande wa pili wa nchi huko Ontario, walipiga kambi kando ya reli kuwaunga mkono wenzao. Wiki moja baadaye kampuni ya reli ya CN ilitangaza kufunga mtandao wake wa mashariki, na VIA Rail ikafuta karibu safari zake zote za abiria.

Tangu hapo habari ikawa ya mizigo iliyokwama na wafanyakazi waliopunguzwa. Kiongozi wa upinzani, Andrew Scheer, aliwataka waandamanaji wakumbuke kwamba wao wenyewe ni watu waliopendelewa na maisha. Waziri Mkuu Justin Trudeau, aliyeanza kwa kuhimiza mazungumzo, alitamka tarehe 21 kwamba vizuizi lazima viondolewe. Mto Wedzin Kwa, ambao ramani za serikali huuita Morice, ndio Wet'suwet'en waliokuwa wakiulinda kwa ajili ya maji yake na samaki wake aina ya samoni. Mto huo haukupata hata sehemu ndogo ya nafasi waliyopewa abiria waliokwama.

Watafiti wa maoni walikuwa kazini wiki hizohizo. Ipsos ilikuta asilimia 61 ya waliohojiwa wakipinga kufungwa kwa barabara na reli. Angus Reid ilikuta asilimia 51 wakiliunga mkono bomba na asilimia 39 wakiwaunga mkono waandamanaji. Wachambuzi walizishika takwimu hizo wakahitimisha kwamba umma umechoka. Lakini katika utafiti uleule wa Ipsos, asilimia 75 walisema serikali ichukue hatua sasa kuinua maisha ya watu wa asili. Mimi nazisoma namba hizi kama kipimo cha subira ya watu mbele ya usumbufu. Kuhusu nani ana mamlaka juu ya ardhi ile, hazisemi lolote, na hilo ndilo lililokuwa linagombewa.

Mradi wenyewe, kwenye karatasi, ulikuwa umekamilika vizuri. Bomba la kilomita 670 kutoka eneo la Dawson Creek hadi bandari ya Kitimat, kwenye kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika cha LNG Canada. Kampuni yenye mradi, TC Energy, ilikuwa na vibali vya jimbo na ilikuwa imesaini mikataba na mabaraza yote 20 ya kuchaguliwa ya watu wa asili yaliyo kwenye njia ya bomba, yakiwemo ya Wet'suwet'en. Saini hizo 20 zilitajwa tena na tena katika tahariri zilizowalaumu waandamanaji. Kama wenyewe wamekubali, wageni wanapinga nini?

Mabaraza hayo ni zao la Sheria ya Wahindi (Indian Act, yaani ya watu wa asili) ya mwaka 1876, na mamlaka yake ya kisheria ni juu ya maeneo madogo yaliyotengwa na serikali. Ardhi ya mababu ya Wet'suwet'en, kilomita za mraba zipatazo 22,000, haikuwahi kuuzwa wala kukabidhiwa kwa mkataba wowote. Kwa desturi yao inasimamiwa na machifu wa kurithi wa koo tano zenye nyumba 13, na maamuzi yake hupitishwa hadharani katika karamu za ukoo. Msomaji aliyekulia kijijini kwetu hatapata shida kuelewa: mwenyekiti wa serikali ya kijiji ana muhuri, lakini shamba la ukoo haliuzwi bila wazee wa ukoo. Machifu hao walishapendekeza njia nyingine ya kupitisha bomba. Kampuni ikaikataa kwa maelezo kwamba ni ndefu zaidi, itaongeza gharama na kuchelewesha kazi.

Wala suala hili si geni mahakamani. Wet'suwet'en na jirani zao Wagitxsan waliishtaki serikali katika miaka ya themanini, kesi inayojulikana kama Delgamuukw. Ushahidi wao wa umiliki ulikuwa masimulizi na nyimbo, kwa kuwa ndivyo wanavyotunza kumbukumbu za ardhi. Mzee mmoja wa Kigitxsan, Mary Johnson, alipotaka kuimba wimbo wa nyumba yake kizimbani, jaji Allan McEachern alimpinga akisema sikio lake ni la bati, yaani halina usikivu wa muziki, haoni wimbo huo utamsaidia nini. Mama yule aliimba hata hivyo. Mwaka 1991 jaji huyo aliyatupa madai yao. Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua hukumu yake: masimulizi ya mdomo ni ushahidi, na haki ya watu wa asili juu ya ardhi haikuwa imefutwa. Iliagiza kesi isikilizwe upya. Haijasikilizwa mpaka leo. Mpangaji yeyote wa mradi aliyeichukua ramani ya eneo lile baada ya mwaka huo alijua, au alipaswa kujua, kwamba anachora mstari juu ya swali lililo wazi.

Lakini siwezi kuandika kana kwamba kila mtu wa asili alipinga. Crystal Smith, aliyekuwa diwani mkuu wa Wahaisla wa Kitimat, aliutetea mradi kwa nguvu: ajira, mapato, vijana kubaki nyumbani. Watu wake baadaye walipata hisa nyingi katika kiwanda chao wenyewe, Cedar LNG, kitakacholishwa na bomba hilohilo. Hoja yake ni ya mtu aliyeishi na umaskini na kuuchoka, na inastahili heshima. Vyombo vya habari vilikosea pale vilipoziweka sauti hizi mbili, ya Smith na ya machifu, kwenye mizani, vikaandika kwamba watu wa asili wamegawanyika, vikaishia hapo. Mhaisla anaweza kuikubali bandari kwake. Hawezi kumkubalia Mwet'suwet'en mto wake.

Kufuatilia mambo kule porini kuligeuka kuwa hatari. Novemba 2021 polisi walivunja kwa shoka na msumeno wa mashine mlango wa kijumba cha mbao kilichojengwa kwenye njia ya bomba. Ndani walikuwamo wapinzani wa mradi pamoja na mpigapicha Amber Bracken, aliyetumwa na jarida la The Narwhal, na mtengeneza filamu Michael Toledano. Wote wawili walikamatwa Ijumaa, wakalala rumande hadi Jumatatu. Mwezi uliofuata kampuni iliachana na shauri dhidi yao. Wahariri waliokuwa wameridhika kuandika kutoka Toronto walipiga kelele, na walistahili kupiga kelele, ingawa wakazi wa kambi za Wet'suwet'en kwenye njia ya bomba walikuwa wameshaamshwa na polisi Januari 2019 na tena Februari 2020.

Gharama nayo ilifuata njia yake. Mradi uliotangazwa kwa dola za Kanada bilioni 6.2 ulifika bilioni 14.5 kwa makadirio ya Februari 2023. Sababu alizozitaja mwenye mradi mwaka huo zilikuwa uhaba wa mafundi, makandarasi waliofanya vibaya, ukame, na ugumu wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Jimbo liliitoza kampuni faini kadhaa kwa udongo huo uliokuwa ukitiririka kwenye vijito na maeneo oevu, mojawapo ya dola 340,000. Wenye kambi walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba hofu yao ni maji.

Gesi sasa inapita, na meli ya kwanza iliondoka Kitimat mwishoni mwa Juni 2025. Kaskazini zaidi kuna mradi wa bomba jingine, Prince Rupert Gas Transmission, ambao mwaka 2024 taifa la Nisga'a liliununua kwa ubia na kampuni ya Western LNG. Agosti mwaka huo machifu wa kurithi wa Gitanyow, majirani wa Nisga'a, waliuchoma moto mkataba waliowahi kuusaini kuhusu bomba hilo, kisha wakafunga barabara inayopita katika ardhi yao. Safari hii mwenye bomba na mwenye kizuizi wote ni watu wa asili, na mhariri atakayetuma mwandishi kule hatapata jibu kwa kuuliza watu wa asili wanataka nini. Itambidi aulize ardhi hiyo ni ya nyumba ipi, na nani alisaini kwa niaba yake.