Karatasi Moja, Kurasa Nane

Mzazi anayemleta mwanawe maktaba Jumamosi, akarudi na kumkuta amekaa sakafuni na mkasi na penseli za rangi, huuliza: "Mbona hasomi?" Ana haki ya kuuliza. Kukata karatasi ili muda upite kunawezekana hata nyumbani. Kwa maoni yangu, kazi ya mikono inastahili nafasi maktabani pale tu inapoanzia kwenye kitabu na kuishia rafuni.

Chukua kijitabu cha karatasi moja, kazi isiyosubiri bajeti. Mkutubi anasoma kwa sauti ngano ya Sungura na Fisi, anaikatisha Fisi akikaribia kunasa, kisha anagawa karatasi za A4. Ikunje katikati mara tatu, upate sehemu nane. Ifungue, ikunje tena ncha fupi zikutane, ukate kutoka kwenye mkunjo hadi msalaba wa mikunjo ulio katikati. Ifungue, ikunje kwa urefu, usukume ncha zielekeane mpaka tundu lipanuke, kisha uzikusanye kurasa. Umepata jalada la mbele, la nyuma, na kurasa sita za ndani.

Utamu uko kwenye hizo sita. Mtoto aliyezoea kusimulia kwa "halafu, halafu" sasa lazima achague: Fisi hawezi kukutana na kila mnyama wa porini. Tena kurasa hugeuzwa, kwa hiyo mtego ukionekana huku, aliyenaswa afichwe upande wa pili. Asiyejua kuandika achore, na mkubwa amwandikie maneno yake vilevile alivyoyasema. Tahajia ina siku yake.

Waandike baada ya kukunja. Anayetangulia kuandika hukuta nusu ya kurasa ziko kichwa chini, miguu juu. (Mimi huwaacha wajaribu, kicheko hufundisha haraka kuliko maelezo yangu.)

Kisha linakuja jambo ambalo wengi huliruka. Kijitabu kiandikwe jina la mtunzi na kibandikwe namba 398.2, ambayo katika mfumo wa Dewey ni ya ngano. Mtoto akipeleke mwenyewe rafuni. Akikitafutia nafasi, atakuta ngano za watu wengine zimepangwa pale pale, na ni rahisi kuondoka na mojawapo. Zile namba za mgongoni, ambazo hata wanafunzi wa vyuo huziogopa, kwake zimeshakuwa anwani.

Kuhusu kelele: Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Pasipo na chumba chao, ambapo watoto hukaa ukumbi mmoja na watahiniwa wa kidato cha nne, hadithi na mikasi vihamie barazani asubuhi mapema. Ndani waingie wakati wa kubandika namba.