Kubandua Stika za Zamani kwenye Gari au Trela

UFAHAMU NA UFUPISHO: MAKALA YA UFAFANUZI

Makala ya ufafanuzi hueleza jambo hatua kwa hatua na kutoa sababu ya kila hatua. Soma makala ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Utangulizi

Ukisimama kando ya Barabara ya Kilwa, karibu na Kibiti, utaona magari mengi yaliyobandikwa stika: mabasi ya Lindi na Mtwara, malori yenye matrela, bajaji, na magari ya kitalii yanayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwishatumika, na yamebeba maandishi ya mmiliki wa zamani. Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa Mchukwi aliyenunua gari la bodi la boksi ili asombe samaki kutoka Nyamisati. Ikiwa ubavuni bado limeandikwa jina la kiwanda cha soda, wateja hawatamtambua, na lolote atakalotenda dereva barabarani litahesabiwa kuwa la kiwanda hicho. Ni lazima stika itoke. Swali ni jinsi ya kuitoa bila kuharibu rangi, kwa kuwa kupaka rangi bodi zima ni gharama inayoweza kumla mtu faida ya miezi kadhaa.

Stika imetengenezwa na nini?

Stika nyingi za magari zina tabaka mbili. Tabaka ya juu ni plastiki iitwayo polivinili kloraidi. Kwa asili plastiki hii ni ngumu. Mwaka 1926, Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, alipata njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika maalumu. Tabaka ya chini ni gundi inayoshika kwa kukandamizwa tu, bila kuhitaji maji wala moto.

Stika mpya hubanduka kirahisi kwa sababu plastiki yake bado laini. Kadiri miaka inavyopita, vilainishi hutoka kidogo kidogo, na mionzi ya jua hukatakata minyororo ya molekuli za plastiki. Stika hukauka, hupasuka, na ukiivuta hukatika vipande vidogo kama ganda la yai. Ndiyo maana stika ya juu ya boneti, inayopigwa na jua la utosi, huzeeka mapema kuliko ya ubavuni.

Hatua za kubandua

Hatua ya kwanza: Osha kwa maji na sabuni. Mchanga na vumbi vikibaki, kila utakapofuta utakuwa unasugua rangi kwa msasa.

Hatua ya pili: Pasha joto. Joto hulainisha plastiki na kulegeza gundi. Unaweza kutumia draya ya saluni, kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, au kuegesha gari juani saa sita mchana. Joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi linatosha. Kwa kipimo cha mkono, bodi liwe la moto lakini uweze kuligusa kwa muda mfupi. Draya isikae mahali pamoja. Isogezwe huku na huku, la sivyo rangi itavimba.

Hatua ya tatu: Inua kona moja kwa ukucha au kipande cha plastiki, kama kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kisu na wembe huchana rangi. Kisha vuta polepole kwa mshazari, ukiendelea kupasha joto mbele ya sehemu unayoivuta. Hapa kuna kanuni ya fizikia. Ukivuta stika nzima kwa mara moja, unapambana na gundi ya eneo lote. Ukivuta kutoka kona, nguvu yako yote huelekezwa kwenye mstari mwembamba ambapo stika inaachana na bodi. Ukivuta kwa ghafla, plastiki hukatika au hung'oa rangi kabla gundi haijapata muda wa kuachia.

Hatua ya nne: Ondoa gundi iliyobaki. Maji peke yake hayaiyeyushi. Kanuni ya kemia ni kwamba kitu huyeyuka katika kimiminika kinachofanana nacho kimaumbile, na gundi hii iko karibu zaidi na mafuta kuliko maji. Pakaa mafuta ya taa au mafuta ya nazi kwa kitambaa, subiri dakika kadhaa gundi ilainike, kisha ikwangue kwa plastiki na uoshe kwa sabuni. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ndani ya ukingo wa mlango. Tina ni hatari zaidi kwa sababu huyeyusha gundi na rangi pia, hasa rangi iliyopakwa upya gereji.

Hatua ya tano: Ng'arisha kwa polishi. Mara nyingi maandishi huendelea kusomeka hata baada ya stika kutoka. Si uchafu. Rangi iliyokuwa chini ya stika ilikingwa na jua, wakati rangi ya pembeni ilipauka. Polishi huondoa utando mwembamba wa rangi iliyopauka na kupunguza tofauti hiyo. Ikiwa bodi limepauka sana, kivuli cha herufi hakitakwisha chote. Dawa yake ni kubandika stika mpya juu yake.

Tahadhari

Mafundi wengine hutumia petroli kwa kuwa inapatikana kila kituo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye joto la nyuzi 38 au zaidi. Kwa hiyo katika joto letu la Pwani, petroli iko tayari kuwaka wakati wote, na cheche moja ya draya inatosha kuteketeza gari na fundi wake. Hata mafuta ya taa yasipakwe kwenye bodi lililo moto: maliza kazi ya joto, zima draya, acha bodi lipoe, ndipo uyatumie.

Usichome stika kwa moto wa kiberiti au jiko. Polivinili kloraidi ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho au mapafu hugeuka kuwa asidi.

Usidharau mchubuko mdogo. Chuma kilichobaki wazi hukutana na oksijeni na maji, kikapata kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Gari linalobeba samaki na kushinda karibu na bahari hupata chumvi kila siku. Mchubuko upakwe rangi siku hiyohiyo.

Mwisho, usibandue kila kitu. Stika za kuakisi mwanga zilizo nyuma na ubavuni mwa trela humwonyesha dereva wa nyuma kwamba kuna gari mbele yake gizani. Trela likiharibika usiku barabarani, stika hizo huweza kuokoa maisha.

MASWALI

1. Kwa nini stika ya zamani hukatika vipande vidogo inapovutwa?
2. Eleza kwa nini ni rahisi kubandua stika kwa kuanzia kona.
3. Mwandishi ana maana gani anaposema gharama inayoweza "kumla mtu faida"?
4. Toa sababu mbili zinazofanya petroli isifae kwa kazi hii hapa Pwani.
5. Fupisha sehemu ya "Tahadhari" kwa maneno yasiyozidi 50.

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Vilainishi vimetoka na mionzi ya jua imekatakata minyororo ya molekuli. Taja sababu zote mbili.
2. Nguvu huelekezwa kwenye mstari mwembamba badala ya eneo lote la gundi.
3. Kumpotezea faida aliyoipata kwa kazi yake.
4. Mvuke wake huwaka katika joto letu la kila siku. Draya inayotumika karibu yake huweza kutoa cheche.
5. Muhtasari uguse mambo manne: petroli na mafuta, kuchoma stika, michubuko, na stika za kuakisi mwanga. Usinakili sentensi nzima za makala. Tumia maneno yako mwenyewe, na uhesabu maneno kabla ya kukabidhi kazi.