Mchezo wa vita ya Napoleon: juu ya nini askari wote si sawa?

Kuko mchezo wenye kuchezewa juu ya meza, zaidi Ulaya, wenye kurudilia vita za Napoleon Bonaparte. Askari ni sanamu ndogondogo za plastiki ao chuma. Hatua zinapimwa na rula, risasi inaamuliwa na dadu. Katika kanuni za Black Powder, zilizotoka Uingereza mwaka 2009, ukipata 4, 5 ao 6, kwa kawaida risasi imefika.

Lakini vikosi vyote vikitupa dadu sawasawa, historia inapotea. Njo maana kuko kanuni za pekee.

Tuanze na askari wa miguu. Wakiona farasi wanakuja, wanajipanga mraba, visu vya bunduki vikitazama pande zote. Farasi haikubali kujitupa juu ya visu. Kule Waterloo, tarehe 18/06/1815, askari wa farasi wa Marshal Ney walishambulia mara nyingi, lakini miraba ya Waingereza haikuvunjika. Bei yake? Mraba unatembea polepole, na mzinga ukiupiga, watu wanakufa mingi kwa sababu wamesongamana.

Gadi ya Napoleon nayo, mara nyingi inaruhusiwa kurudia dadu moyo ukitetemeka. Lakini inakula pointi nyingi, na katika michezo fulani ikikimbia, wengine wanaingiwa na woga, kama ilivyokuwa Waterloo mangaribi.

Kanuni nzuri inatoa nguvu pamoja na uzaifu. Ikitoa nguvu tupu, mwenye kikosi ameshashinda mbele ya kuanza.